Oveni Isiyopoteza Joto

Jumatatu, 12 Mei

Mizigo saba ya kuni leo. Jana sita na nusu. Wiki ya pili sasa napima kila mzigo kwa mizani ya stoo kabla haujaingia ovenini, naandika, nainama tena. Mgongo unaniuma. Mikate mia moja na hamsini imetoka saa kumi kasorobo, rangi nzuri. Miwili tu imeungua chini.

Madam, mwalimu mkuu wetu, anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Shule inunue oveni gani badala ya hii ya zamani ya matofali? Bodi imechoka na kuni. "Wewe ndiye unajua jiko, Baba Mercy. Chagua wewe." Miaka kumi na tisa nawapikia wasichana wa hapa Kajiado, na hii ni mara ya kwanza mtu wa ofisini kuniuliza kitu kikubwa kuliko chumvi.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Jumatano, 14 Mei

Saa mbili asubuhi nimesimama nyuma ya oveni, kiganja ukutani. Moto ulizimwa jana alasiri. Matofali bado yana joto! Hasara tupu. Tunanunua kuni za kupasha ukuta, kupasha chumba, kupasha paka anayelala pale juu. Nimeandika kwenye ripoti: joto linalopotea ukutani. Nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Mama Naserian alikuwa hapo hapo anafunika mabeseni. Yeye ndiye anayekanda. Ni kibarua hapa kwa miaka kumi na moja, mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Kila asubuhi hupanga mabeseni ya unga kando ya ukuta huo, na ikifika saa sita unga umeumuka, uko tayari kuingia kwenye trei. Ameniangalia na kiganja changu ukutani.

"Huo ukuta ndio mimi nalazia unga, Baba Mercy."

Nimemwambia unga huumuka popote. Amesema sawa. Yeye husema sawa kwa kila kitu.

Jumanne, 20 Mei

Nimeshinda Kitengela kwa ruhusa ya Madam, duka baada ya duka. Oveni ya stima: inang'aa, ina vitufe, ina taa ndani. Lakini stima ya Kajiado inajulikana. Inapotea bila kuaga. Oveni ya gesi: nzuri kweli, na muuzaji amevaa tai na anaongea bila kupumua. Nimemuuliza nani ataleta mitungi mikubwa mpaka shuleni kwetu wakati barabara ya ndani ina tope. Amecheka. Nimetoka.

Nimelala nyumbani, jambo la nadra katikati ya wiki. Mama Mercy ameniambia naongea juu ya oveni kama mtu anayetafuta mchumba. Nimenuna kidogo. Halafu nimeendelea kuongea juu ya oveni.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeipata.

Nimepitia Tuala mpaka Kiserian kwa fundi anayeitwa Njoroge. Anaunda oveni za kuni kwa mabati mazito, sanduku ndani ya sanduku, na katikati anashindilia pamba ngumu ya kuzuia joto. Mdomo wa moto ni mdogo. Kuni zake ni za unene wa kifundo cha mkono, basi. Aliiwasha mbele yangu, akaoka trei mbili za mikate midogo kwa vijiti ambavyo mimi ningetumia kuwashia tu.

"Weka mkono hapa nje, mzee. Unasikia nini?"

Nikasema sisikii kitu.

"Basi hiyo ndio unanunua. Hakuna kitu inatoka."

Nimeweka mkono mara tatu. Baridi kabisa nje, na ndani mikate inabadilika rangi. Sijawahi kuona kitu kilichofungwa vizuri namna hiyo. Nimerudi Kitengela na mkate mmoja mfukoni nimwonyeshe mke wangu.

Ijumaa, 30 Mei

Bodi imekubali. Nilisimama mbele yao na ripoti yangu, kurasa nne, nikawaeleza mizigo saba itashuka iwe miwili. Nilikuwa nimevaa koti la harusi ya mdogo wangu. Mzee mmoja wa bodi ameuliza oveni mpya itakaa wapi. Hapo ndipo nilipotoa wazo langu: tubomoe ile ya zamani, matofali yake yawe msingi wa hii mpya. Hatununui mawe, na chumba kinabaki na nafasi.

Walipiga makofi. Kwa ajili ya mpishi! Mzee wa bodi amenishika mkono akautingisha. Madam amesema shule inahitaji watu wanaofikiria kama mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Tumebomoa. Nyundo ya kwanza nilishika mimi mwenyewe, nilitaka hivyo. Ilichukua siku nzima kwa sababu aliyeijenga hakuwa na mchezo. Matofali ya ndani yalikuwa meusi na bado yana joto mkononi, siku mbili tangu moto wa mwisho.

Mama Naserian amefagia vumbi. Paka ameondoka.

Jumatatu, 16 Juni

Oveni mpya imewashwa. Mzigo mmoja na nusu! Nimerudia kupima nikidhani mizani imeharibika. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, Mama Naserian akaweka mabeseni nje kwenye saruji, unga ukapanda wenyewe. Mikate yote imeiva sawa, hakuna hata mmoja ulioungua. Madam amekuja kupiga picha. Mimi niko upande wa kushoto, naweka mkono juu ya oveni ili watu waone haichomi.

Ijumaa, 20 Juni

Siku njema. Sina la kuandika.

Jumatatu, 23 Juni

Baridi imeingia kwa nguvu. Ukungu mpaka saa nne, na upepo wa huku hauna mti wa kuuzuia. Chumba cha mikate kina baridi kama stoo ya nyama. Saa sita nimefunua beseni la kwanza: unga umekaa vilevile ulivyoachwa saa mbili. La pili vilevile. Yote.

Tumeoka hivyo hivyo kwa sababu wasichana lazima wale. Mikate imetoka mifupi na mizito. Saa ya chai ya asubuhi nitasikia maneno.

Jumanne, 24 Juni

Nimesikia. Wameipa jina: mawe ya Kiserian. Wanajua oveni ilitoka wapi. Msichana mmoja aligonga mkate mezani mara tatu na meza nzima ikaangua kicheko.

Nimeongeza hamira. Unga umenuka pombe na bado haukupanda. Mama Naserian anataka kukanda jioni ili unga upate muda mrefu, lakini vibarua lazima wawe nje ya geti saa kumi na moja, hiyo ni amri. Nimekanda mwenyewe. Nimemaliza mabeseni matatu kati ya kumi na mikono ikakataa.

Jumatano, 25 Juni

Panya wametembea juu ya mabeseni yote matatu. Nimemwaga.

Alhamisi, 26 Juni

Leo nimeelewa, na afadhali nisingeelewa.

Nilikuwa nashangaa kwa nini rundo la kuni halipungui polepole kama nilivyoahidi. Basi nikakaa kwenye gunia la maharagwe nikatazama jikoni. Githeri, mahindi na maharagwe ya wasichana, inachemka juu ya mawe tangu asubuhi, moto mkubwa, na haijaiva. Zamani githeri hatukuwa tunaichemsha. Mikate ikitoka saa kumi, tulikuwa tunasukuma sufuria mbili kubwa ndani ya oveni ya matofali, tunaziba mlango, tunaenda zetu. Asubuhi mahindi yamepasuka, laini. Bila kijiti hata kimoja. Na kuni zenyewe zilikuwa zinakauka pale juu kwa paka. Sasa tunachoma kuni mbichi, moshi mtupu, na tunahitaji nyingi zaidi.

Nimejumlisha: oveni mzigo mmoja na nusu, githeri mitano. Sita na nusu. Tuko pale pale, na mkate hatuna.

Nilipima kuni zote zilizoingia. Kazi ambazo joto lilikuwa linafanya sikuhesabu hata moja, na zilikuwa zinafanyika mbele ya macho yangu kwa miaka kumi na tisa. Unga, githeri, kuni, vitambaa vya kukaushia vyombo. Mimi nikaandika neno hasara na kulipigia mstari. Na yule mama aliniambia, nikiwa nimesimama palepale na kiganja ukutani.

Mimi ni mjinga. Si mjinga wa kutojua. Ni mjinga wa kutouliza, na huo ni ujinga mbaya zaidi.

Jumamosi, 28 Juni

Sikwenda nyumbani wikendi hii. Mama Naserian amekuja na shuka nne kutoka kwake, nyekundu, mbili mpya kabisa. Amefunga mabeseni kama anavyofunga mtoto. Unga umepanda nusu. Nimemshukuru, naye ameniuliza kama mimi mwenyewe nimekula.

Msingi wa oveni mpya umejengwa kwa matofali yale yale. Nimeyashika tukiwa katikati ya kuoka. Baridi. Pamba ya fundi inafanya kazi yake vizuri sana.

Jumanne, 1 Julai

Siku mbaya.

Niliingiza majiko mawili ya makaa kwenye chumba cha mikate nikafunga madirisha. Mlango pia, joto lisitoke. Mama Naserian alibaki ndani akiendelea kukanda. Mimi nilienda kuangalia githeri. Niliporudi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye msingi wa oveni, midomo imebadilika rangi, anajaribu kuinuka na miguu haimsikii. Tumembeba nje mimi na mlinzi. Ametapika. Nesi wa shule amekaa naye hadi saa tisa, akasema ni moshi wa makaa, kwamba dakika chache zaidi na tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Mlango niliufunga mimi.

Unga wa leo uliumuka vizuri. Mikate bora tangu oveni ije. Nimeshindwa kuila.

Alhamisi, 3 Julai

Amerudi kazini. Amenisalimia kama kawaida. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, nikayasema, akasema, "Baba Mercy, si ulikuwa unatafuta joto? Hata mimi nilikuwa nalitaka." Kisha akafunga leso kichwani akaanza kukanda. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumanne, 8 Julai

Tumejaribu kuumulia unga ndani ya oveni yenyewe. Moto kidogo, mabeseni matatu, mlango kufungwa. Unapanda, ndiyo, lakini wakati unapanda hatuwezi kuoka, na tukioka hatuwezi kuumulia mwingine. Na haitunzi joto la jana. Ukifungua mlango kutoa mikate, joto lote linatoka kwa pumzi moja, kwa sababu mabati hayana mwili. Kufikia saa kumi na moja tuna mikate hamsini. Wasichana mia tatu.

Nimempigia Njoroge. Hakubishana. "Mzee, wewe uliniuliza kuni peke yake. Hukuniambia huko kwenu oveni inafanya kazi ya watu wanne." Anaweza kuunda kabati la kuumulia unga, lenye moto wake mdogo. Nimepeleka ombi kwa Madam. Nilijua jibu nikiwa bado mlangoni. Bodi haiwezi kununua vitu viwili vya jikoni mwaka mmoja, hasa baada ya mtu kusimama mbele yao na koti na kuwaambia kimoja kitatosha.

Nimesema juu ya vibarua. Nimesema, tukiacha kuoka, Mama Naserian hana kazi hapa. Madam amesema anafahamu.

Alhamisi, 10 Julai

Mikate arobaini na tano. Uji kwa waliobaki. Hakuna anayecheka tena kule bwaloni, wananung'unika tu, na hilo linaniuma kuliko kicheko.

Nimeota nagonga ukuta kwa nyundo na ukuta unaniambia sawa.

Jumatatu, 14 Julai

Imekwisha. Kuanzia Jumatano mikate itanunuliwa, italetwa na gari kutoka Kitengela. Chumba cha mikate kitafungwa. Kibarua wa kukanda hahitajiki.

Madam aliniita mimi peke yangu. Alisema si makosa ya mtu, ni baridi. Nilipaswa kusema ni makosa ya mtu, na mtu mwenyewe ni huyu. Nimeajiriwa kwa barua yenye muhuri. Oveni yangu ifaulu au isifaulu, mimi nabaki. Yeye aliyeniambia ukweli siku ya tatu ndiye anayeenda.

Nimepewa kazi ya kumwambia. Tulikuwa tunaosha mabeseni. Nimemwambia ni kwa muda. Sijui neno hilo lilitoka wapi, hakuna aliyelisema ofisini. Amepangusa mikono, akaning'iniza aproni yake msumarini, halafu akaishusha tena akaikunja akaitia kwenye mfuko, aifue nyumbani.

"Sawa. Ukipata mahali pa unga, nipigie. Hata kama ni asubuhi hiyo hiyo, nitakuja."

Nilimsindikiza mpaka getini. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kurekebisha lile neno.

Jumatano, 16 Julai

Gari limefika. Mikate myeupe, laini, imekatwa tayari, imefungwa kwa karatasi za nailoni. Wasichana wameshangilia. Siwezi kuwalaumu.

Nimefunga chumba kwa kufuli.

Jumanne, 22 Julai

Madam ameniletea karatasi nisaini. Ni taarifa kwa bodi juu ya oveni mpya. Inasema matumizi ya kuni katika chumba cha mikate yameshuka sana tangu oveni iwekwe, na wiki iliyopita hayakuwepo kabisa. Kila neno ni kweli. Oveni haiwashwi, itakula kuni gani?

Kuna zaidi. Shule moja upande wa Bisil imesikia habari zetu na inataka oveni kama hiyo. Wanaomba mpishi wetu aende awasaidie kuchagua. Wana oveni ya matofali, wanasema, inapoteza joto sana.

Nilichukua karatasi nyingine nikaanza kuandika yangu. Kabla hamjabomoa, tafadhali angalieni ni nani analaza nini kando ya ukuta. Mistari mitatu hivi. Halafu nikaanza kufikiria Madam akiisoma, na mzee wa bodi akiisoma, yule aliyenishika mkono. Imebaki miaka sita nistaafu. Nimeikunja nikaitia kwenye moto wa githeri.

Nimesaini ile ya Madam. Amesema ataniombea gari la shule la kunipeleka Bisil muhula ujao.

Mimi ni mwoga. Nilikuwa sijui. Katika umri huu mtu hudhani amejua kila kitu juu yake mwenyewe.

Jumamosi, 26 Julai

Nimetoka shuleni saa tatu kwenda nyumbani Kitengela. Nimepitia sokoni Kajiado kununua vitunguu. Mama Naserian alikuwa ameketi karibu na dada yake anayeuza maziwa. Ameniona kwanza. Nisingejificha, lakini nilifikiria.

"Takwenya," nimemwambia, kwa Kimaasai changu cha kuombea maji.

"Iko!" Amecheka jinsi ninavyolitamka, kama siku zote. Amenitafutia kiti cha plastiki. Amenimiminia chai ya maziwa kwenye kikombe cha dada yake.

Ameniuliza juu ya wasichana. Ameniuliza juu ya Mama Mercy. Kisha akaniambia kuna hoteli Bisil walimtafuta akawafulie mashuka, kazi ya kila siku, na chumba cha kulala. Wamepiga simu mara mbili. Amewakataa.

"Nikienda kule, na wewe unipigie, utapata nani wa kukanda?"

Dada yake amemwangalia, kisha akaniangalia mimi. Huyo dada anajua. Ameinama akaendelea kupima maziwa.

Baridi ilikuwa imepungua, jua lilikuwa limeshika migongo ya watu. Mama Naserian ameniuliza kama nimeshapata mahali penye joto. Nimesema bado natafuta. Amesema nisijisumbue sana, baridi itaisha mwezi wa nane, tutaanza tena. Nimesema ndiyo.

Nimesema nitampigia.

Ameniongezea chai. Nimeinywa yote, nikachukua vitunguu vyangu, nikaenda nyumbani.